Taa ya Kushoto Inacheza

Jumamosi, tarehe 1 Machi

Leo nimeamua. Siku kama hii lazima iandikwe, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuiandika, naiandika mwenyewe.

Chanzo ni Shemeji. Kaka wa mke wangu, muuza makochi, mtu wa kucheka kwanza na kusalimia baadaye. Jana alikuja akasimamisha gari lake pua kwa pua na letu, akawasha taa zake, akawasha na zetu, kisha akamwita dada yake aje aone. Zake nyeupe pe. Zetu njano, kama macho ya mgonjwa wa ini. Akauliza kama sisi tunatumia betri au mishumaa. Watoto wakacheka. Watoto wangu mwenyewe!

Niweke mambo wazi, ili atakayesoma shajara hii nikishakufa asipotee. Gari ni la Mzee, yaani baba mkwe. Alimpa binti yake siku tulipooana. Mimi nilipewa mkono. Ni la zamani kuliko ndoa yetu, lakini injini nzima, na milango yote inafunguka isipokuwa mmoja. Jumamosi ijayo linakwenda ukaguzi. Mwaka jana lilianguka kwa sababu ya breki, tukahangaika. Sasa Mzee ametamka mbele ya wote: likianguka tena, Shemeji alichukue. Na Shemeji ameshatangaza atakachofanya. Atang'oa viti vya nyuma abebee makochi.

Viti vya nyuma! Ambako mtoto wetu wa pili nusura azaliwe! Nikifikiria hilo roho inaniuma, sifichi. Na mke wangu, muuguzi, anayetoka zamu magharibi, atarudi nyumbani na nini? Na mimi nitaegemea nini nikizungumza na watu?

Kwa hiyo, taa mpya. Nimezinunua leo mchana. Balbu za LED, boksi lina picha ya tai, na chini ya tai pameandikwa kwamba mwanga wake ni sawa na wa mchana. Muuzaji aliuliza gari ni la aina gani. Nikamwambia asijisumbue, taa ni taa. Bei siiandiki hapa, kwa sababu mke wangu naye anajua kusoma.

Mke wangu aliuliza kama za zamani zimeungua. Nikasema hapana. Akauliza sasa kwa nini. Nikamweleza kwamba kuna watu wa maendeleo na kuna watu wa kusubiri vitu viungue. Hakubisha. Alisema tu kwamba nikizitoa zile za baba yake nimpe yeye.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Kazi ya kufunga nimeifanya mwenyewe. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro tu, mishale, na mtu asiye na uso anayetikisa kidole. Sikupenda anavyokitikisa. Nimeitupa.

Balbu za zamani nimempa mke wangu. Kazifunga kwenye kitambaa, kaziweka kwenye droo ya nyuzi na sindano. Takataka kwenye droo! Nimenyamaza, ndoa ni kuvumiliana.

Kikwazo kidogo: hizi mpya zina feni kwa nyuma, na ule mpira wa kuziba unaokaa mgongoni mwa taa ukakataa kufunika feni. Nimeukata kwa kisu cha jikoni. Ukakubali. Umebaki na tundu la kupitisha yai, lakini nani huchungulia mgongoni mwa taa?

Mzee alipiga simu nikiwa nimeinamia boneti. Kasikia kwa binti yake. Akasema, mkwe wangu, kabla hujagusa chochote, angalia nati iliyo nyuma ya taa ya kushoto, pale waya mweusi unapofungwa kwenye bodi ya gari; huota kutu, na yeye kila mwaka alikuwa anaifungua, anaisugua kwa msasa, anaikaza tena. Nikamshukuru kwa heshima zote. Nikamfahamisha kwamba hizi ni taa za kisasa, hazina habari na nati. Mzee akauliza hali ya watoto.

Jioni, kuwasha. Familia nzima nje. Ya kulia ikawaka nyeupe, nyeupe ya kutisha! Nikajipiga kifua. Ya kushoto ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Inacheza. Mtoto mdogo naye akaanza kucheza, kwa kuifuatisha. Redio ya gari iliyokuwa inasoma habari ikaanza kukoroma. Nikizima taa, habari. Nikiwasha taa, mkoromo.

Tena mwanga wa ile ya kulia ulipaa juu ya ukuta ukaingia moja kwa moja bandani kwa jirani, mama mmoja mfugaji tunayemwita Mama Kuku. Jogoo wake akawika. Giza ndiyo kwanza linaingia, jogoo anawika! Mama Kuku akatokeza kichwa juu ya ukuta na kuuliza kama kumekucha. Nikamwambia ni majaribio. Akasema jogoo wake hajui majaribio, anajua asubuhi.

Kwa jumla, mafanikio ya nusu. Nusu ya kulia.

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimekwenda kwa Fundi, yule wa umeme wa magari, mwenye kibanda karibu na ghala la rangi ninakofanya kazi ya ukarani. Ni mtu ambaye hajawahi kusema hajui. Akachomeka kijitaa chake cha kupimia, kikawaka, akatangaza kwamba umeme unafika. Nikamuuliza sasa mbona inacheza. Akasema ndiyo maana yake: umeme unafika, tatizo ni pale unapofika. Maneno mazito. Nimeyaandika nisije nikayasahau.

Nikamtajia, kwa mzaha, ile nati ya Mzee. Tukacheka wote wawili. Akasema wazee wana mambo.

Dawa yake ni kiboksi cha chuma cha kutuliza umeme. Kakifunga karibu na chupa ya maji ya wipa. Nusu ya njia kurudi nyumbani nikasikia harufu. Kiboksi kina moto kama pasi, chupa imeyeyuka, maji yote yameishia barabarani! Nikageuza. Fundi akakigusa, akanyonya kidole, akasema hiyo dalili nzuri, kinafanya kazi.

Matokeo ya leo: ya kushoto bado inacheza, na ya kulia imeanza kuiga. Zinapokezana. Mimi naona tumepiga hatua. Jana kila taa ilikuwa na tabia yake, leo zinaelewana. Mke wangu hakuliangalia jambo hili kitaalamu. Alisema anakwenda kulala.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ugunduzi mkubwa! Ukilipiga bampa teke upande wa kushoto, taa zinatulia. Si teke la hasira. Teke la wastani, kwa ubavu wa kiatu. Zinatulia mpaka ukutane na shimo barabarani. Nimemfundisha mke wangu. Alipiga mara moja, akasema zamu yake inaanza na hana muda wa kupigana na gari.

Jioni nimefanya kazi ya kulenga. Nimesoma mahali kwamba gari husimamishwa mbele ya ukuta, alama zikachorwa, mwanga ukapimwa kwa alama. Ukuta mzuri tulionao ni wa Mama Kuku, kaupaka rangi mwezi uliopita. Chaki sikuwa nayo. Nikakumbuka kwamba nafanya kazi kwenye ghala la rangi. Kopo dogo la nyeusi, brashi, misalaba miwili. Mizuri, imenyooka.

Kipimo kikaonyesha jambo la ajabu. Nikiwasha mwanga wa karibu, unakwenda juu ya miti. Nikiwasha mwanga wa mbali, unaangukia chini, mbele ya bampa palepale, unaonyesha kokoto. Mtu mwingine angefadhaika. Mimi nimepata ufumbuzi papo hapo, bila kufungua hata skrubu moja: dereva abadilishe majina. Akitaka karibu awashe mbali, akitaka mbali awashe karibu. Na teke asisahau. Nimemwandikia mke wangu kwenye kikaratasi nikakibandika kwenye dashibodi.

Baadaye Mama Kuku akaiona misalaba. Akauliza nani amekufa. Nikamwahidi kwamba asubuhi hataiona tena. Nina kopo kubwa la nyeupe, pia la ghala. Nimeifuta. Ila nyeupe ya ukuta wake ilikuwa ya maziwa, na hii ya kopo ni ya theluji, kwa hiyo misalaba bado ipo, sasa ni myeupe zaidi kuliko ukuta. Ukiangalia kwa mbali inapendeza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siandiki mengi.

Mvua ilinyesha mchana kutwa. Mke wangu alichelewa. Nilisimama mlangoni, nikakaa, nikasimama. Alipofika, gurudumu la mbele lilikuwa limejaa matope hadi juu, na yeye mwenyewe matope magotini. Maji yaliingia kwenye taa ya kushoto kwa lile tundu la mpira. Kwenye kona ya mfereji ikazima kabisa, na ya kulia ikawa inamulika juu. Akaingia mtaroni. Watu waliokuwa wanapita ndio waliomsukuma akatoka.

Hakuumia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda bila kuvua viatu. Hakufoka. Ningefurahi angefoka. Alisema majani ya miti aliyaona vizuri sana, jani moja moja, ila barabara hakuiona.

Niliogopa. Naliandika hapa na halitatoka hapa. Nilimvua viatu, nikaviosha, nikavianika. Kisha nikakaa jikoni peke yangu nikaapa kwamba mzaha umekwisha. Kuanzia kesho naingia kazini kwelikweli.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeingia kazini kwelikweli.

Taa ya kushoto imejaa maji nusu. Ungeweza kufuga samaki. Nimefikiri: maji yaliingia kwa sababu yana njia ya kuingia na hayana njia ya kutoka. Kwa hiyo nimetoboa tundu chini ya kioo cha taa, kwa msumari wa moto. Yametoka! Unyevu uliobaki nimeukausha kwa draya ya nywele ya mke wangu. Draya imekufa, Mungu ailaze pema, lakini taa imekauka.

Halafu vioo. Vimekuwa vya njano kwa uzee, na kila mtu anajua kwamba dawa ya meno hung'arisha. Ya watu wazima ilikuwa imekwisha, nikatumia ya watoto, ile yenye ladha ya stroberi. Nimesugua mpaka mkono umekufa ganzi. Vinang'aa kiasi, na gari zima linanukia vizuri.

Nikiwa bado nimepiga magoti mbele ya bampa, akatokea Shemeji. Safari hii hakucheka. Afadhali angecheka. Akaniuliza hali, akafungua mlango wa nyuma, akatoa futikamba mfukoni, akaanza kupima. Anapima viti vyetu! Urefu, upana, akiguna kwa kuridhika. Nikamwambia, shemeji, mgonjwa hajafa na wewe umeshaleta fundi wa jeneza? Akasema anapima tu, kupima si kuchukua. Akaingiza kichwa ndani zaidi, akasema kochi la watu watatu litaingia likilazwa ubavu.

Nikajikaza kisabuni. Nikamkaribisha chai. Hakuna mtu atakayelaza kochi ubavu mahali alipokaa mwanangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sisimizi.

Wameingia usiku kwa lile tundu nililotoboa, wakifuata stroberi. Wamejaa taa ya kushoto. Ukiwasha, wanaonekana ukutani, wakubwa kama mbuzi, wanapita kwa foleni. Watoto wameleta wenzao kutazama. Nimewafukuza watoto. Sisimizi wamekataa.

Ila akili haikulala. Shida iliyobaki ni mwanga kupanda juu, si ndiyo? Basi uzuie usipande. Nimebandika tepu nyeusi kwenye nusu ya juu ya kila kioo. Rahisi, safi. Gari limepata nyusi. Linaonekana kama karani aliyeitwa na bosi, na bahati mbaya leo karani ameitwa na bosi.

Bosi amegundua kwamba kopo moja kubwa la nyeupe na moja dogo la nyeusi hayaonekani. Hajamtaja mtu. Ametaja tu kwamba kesho, Jumamosi, makarani wote tutakuja kuhesabu ghala zima, kopo kwa kopo, hadi ukweli upatikane. Kesho! Siku ya ukaguzi! Nikamweleza kwamba nina jambo la kifamilia. Akanitazama juu mpaka chini, macho yakasimama kwenye viatu vyangu, ambavyo vina matone meupe.

Kwa hiyo gari atalipeleka mke wangu. Nimemkalisha nikamwelekeza taratibu: afike jua kali, mwanga usionekane sana. Mkaguzi akisema karibu, yeye awashe mbali. Kabla ya hapo ashuke apige teke, kwa kujifanya anakung'uta kiatu. Redio asiiguse. Akiulizwa habari ya sisimizi, aseme wameingia leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama anavyosikiliza wagonjwa wenye homa kali. Kisha akauliza msasa uko wapi.

Nikamwambia msasa hauui sisimizi. Akasema anajua.

Sasa hivi yuko nje, boneti iko wazi. Amempigia baba yake simu, na Mzee anasikika akisema kushoto, kushoto. Nadhani anamsaidia kulisogeza. Mimi nimechoka, nalala.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Limefaulu!

Limefaulu! Stika iko kwenye kioo cha mbele, nimeigusa kwa kidole changu. Nimerudi kutoka kuhesabu makopo (nimekiri mawili, Bosi ameniambia nikapake ghala zima kwa mkono wangu) nikalikuta gari limesimama nje, bila nyusi, stika inang'aa. Sijui ilikuwaje, machozi yalinitoka. Nilikaa kiti cha nyuma peke yangu kwa muda. Mwanangu wa pili akaja akakaa nami, akauliza kama tunakwenda mahali. Nikamwambia hatwendi popote, tumekaa tu.

Mke wangu anasimulia mambo kwa namna yake. Anadai kwamba jana usiku alitoa balbu zangu akarudisha zile za Mzee kutoka kwenye droo. Aling'oa kiboksi cha Fundi. Aliosha sisimizi, akaziba tundu kwa gundi. Mpira niliokata aliushona kwa uzi wa mshono wa hospitali, na nimeuona, nyuzi ndogondogo safi kabisa, utadhani tumbo la binadamu. Mkaguzi aliuliza nani daktari wa huo mpira. Halafu ile nati nyuma ya taa ya kushoto. Ilikuwa na kutu nene. Akaifungua, akasugua nati na mahali pake kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akarudisha waya mweusi, akakaza. Taa ikaacha kucheza palepale. Anasema waya ule ndio unaorudisha umeme wa taa, na kutu ilikuwa imeziba njia. Nati ikilegea au ikichafuka, taa itacheza hata ufunge balbu za ndege.

Mkaguzi aliweka mashine yake mbele ya taa, akasema mwanga umeanguka panapotakiwa, akabandika stika. Njano kama macho ya mgonjwa wa ini, na umeanguka panapotakiwa!

Nimemsikiliza kwa upole, maana amechoka. Lakini mtu mwenye akili lazima ajiulize. Kwa nini taa za zamani zifaulu leo, wakati wiki nzima hazikuwepo? Jibu liko wazi. Balbu zangu zilipitisha umeme mkali kwenye nyaya zilizolala miaka yote hiyo, zikazizibua. Nati ni bahati tu. Mimi nililima, wengine wamevuna, wala sina kinyongo.

Shemeji alipita jioni. Aliitazama stika, akaipapasa, akarudisha futikamba mfukoni. Nikamkaribisha akae kiti cha nyuma aone kilivyo laini. Alikataa chai.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mzee alikuja kula chakula cha mchana. Alifungua boneti, akainama akaitazama nati muda mrefu, akamshika binti yake bega. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, bega langu likingoja.

Baada ya chakula mke wangu akasema lipo neno. Kumbe walikuwa wameshapanga! Akasema gari litabaki hapa kwa sharti moja, nalo inabidi nilikubali mbele ya baba yake: mimi na taa basi. Mzee akaniambia, mkwe wangu, nyoosha mkono. Nikanyoosha. Akataja taa moja moja na mimi nikawa nakubali. Za mbele. Za nyuma. Za breki. Za kuonyeshea kona. Ya kibao cha namba. Ya ndani. Nikadhani amemaliza, akaongeza ya kwenye buti. Sitazigusa. Nikivunja kiapo, Shemeji alichukue gari siku hiyohiyo, hata bila kupima.

Nimeapa kwa moyo wote. Mtu akikumbuka matope kwenye magoti ya mke wake hawezi kuapa kwa mzaha. Mke wangu alinishika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze alicheka. Nilijisikia mtu mpya.

Balbu zenye tai nimezitupa mwenyewe, mbele yao. Boksi nimelibakiza, ni boksi zuri.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Asubuhi nilimpeleka mke wangu kazini. Gari linakwenda kama maji. Amefurahi, nami nimefurahi. Nimeahidi kumfuata magharibi.

Njiani kurudi, mwenye mkokoteni akakatiza mbele yangu. Nikapiga honi. Aliniangalia kwa huruma! Honi yetu inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nikatafakari. Mzee alitaja taa zote, na mimi nina heshima na kiapo. Honi hakuitaja. Ningekuwa mtu wa kuvunja ahadi ningegusa taa. Sikugusa.

Nimeipata mchana, dukani kwa yuleyule muuzaji. Honi ya lori, mdomo mpana kama sufuria, boksi lina picha ya simba. Aliuliza gari la aina gani. Nikamwambia honi ni honi.

Nimeifunga mwenyewe, kwa utulivu, bila haraka, kama mtu aliyejifunza. Ilipungukiwa kitu kimoja tu, nati ya kuishikilia. Nimetafuta nyumba nzima. Kisha nikaiona moja nyuma ya taa ya kushoto, safi kabisa, imesuguliwa, inang'aa, haina kutu hata chembe, imekaa inashikilia kiwaya cheusi tu. Kiwaya nimekifunga kwa tepu. Nati imeingia kwenye honi kama waliozaliwa pamoja.

Jua linazama, muda wa kumfuata mke wangu umefika. Nimewasha gari, nimewasha taa kama anavyozitumia yeye, nikabonyeza honi. Honi kimya. Wipa zimeanza kwenda kasi. Redio inakoroma. Na taa ya kushoto, ambayo Mungu ni shahidi yangu sikuigusa, imeanza kucheza yenyewe.

Nimelipiga bampa teke. Hakuna kitu. Jogoo wa Mama Kuku amewika.

Sina wasiwasi. Umeme unafika.